TUNALILIA THELUJI, TUNASAHAU MSITU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea, maana waliyasema hayo wakati mawingu yalikuwa na adabu. Siku hizi, msomaji mpendwa, hapa kwetu Nyeri mawingu yamekuwa waongo. Yanakuja asubuhi, yanaziba jua, mama anatoka mbio kuanua nguo na mahindi, halafu yanaondoka zake kimyakimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha siku usiyoyatazamia, yanarudi na kumwaga kwa usiku mmoja mvua ambayo ingetosha majuma mawili.

Likizo moja nilimwuliza nyanya yangu kuhusu jambo hili. Nyanya anaishi upande wa milima ya Aberdare, katika boma ambalo ukisimama uani unauona Mlima Kenya ng'ambo ya bonde. Aliniambia hivi: "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa na mvua mbili, mvua ya njahi kuanzia Machi na mvua ya mwere kuanzia Oktoba. Tulikuwa tunapanda kwenye vumbi kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa sababu tulijua mvua iko njiani. Leo ukipanda kwenye vumbi umewalisha panya." Akanyosha mkono kuelekea mlimani, akaongeza, "Na ule mlima, enzi zetu ulikuwa mweupe kuliko huu unaouona."

Niliyachukua maneno hayo nikarudi nayo shuleni. Mwalimu wetu wa Jiografia alipotuagiza tuandike kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mimi niliandika kwa mbwembwe kwamba theluji ya Mlima Kenya inayeyuka, na kwa hiyo kijito cha kwa nyanya kinakauka. Nilidhani nimepata alama zote. Mwalimu alisoma insha yangu mbele ya darasa, akanitazama, akauliza, "Kijito hicho kinatoka mlima gani?" Nikajibu, "Aberdare, mwalimu." Akauliza tena, "Na Aberdare kuna theluji gani inayoyeyuka?" Darasa zima likaangua kicheko.

Niliona haya siku hiyo, lakini swali lile lilinifungua macho. Ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa maana nimegundua kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa gizani. Wengi wetu tunalilia theluji iliyo kileleni, na huku tunausahau msitu ulio mlangoni petu.

TABIANCHI NI NINI HASA?

Kabla hatujafika mbali, hebu tuelewane. Hali ya hewa ni ile unayoiona leo: jua, manyunyu au baridi ya gathano inayotufanya tujikunyate darasani mwezi wa Julai. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, thelathini au zaidi. Kwa hivyo ukiona siku moja ya joto, usikimbilie kusema tabianchi imebadilika. Mtu mpole anaweza kukasirika siku moja na bado akawa mpole. Lakini akikasirika kila siku mwaka baada ya mwaka, hapo tutasema tabia yake imebadilika.

Chanzo cha mabadiliko haya kinajulikana. Dunia imefunikwa na angahewa, na ndani ya angahewa mna hewa ya ukaa pamoja na gesi nyingine zinazozuia joto lisitoroke lote usiku. Ni kama blanketi. Bila blanketi hilo tungeganda. Taabu ni kwamba tangu viwanda vianze Ulaya, watu wamechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa wingi, na blanketi limezidi kuwa zito. Zamani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kulikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Matokeo ni joto. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa kwanza ambapo wastani wa joto duniani ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5.

Huenda ukauliza, "Kwani Kenya ina viwanda vingapi? Mbona tuadhibiwe sisi?" Swali hilo ni la haki. Mchango wa nchi yetu katika uchafuzi huo ni mdogo mno ukilinganishwa na wa Marekani, Uchina au Ulaya. Lakini ndugu yangu, hewa haina mpaka wala haiulizi pasipoti. Moshi uliotoka kwingine unatupata hapa, na sisi tusipojiandaa, tutaumia kuliko waliouwasha moto.

THELUJI INAKWENDA, NI KWELI

Sijasema kwamba theluji si kitu. Mwaka wa 1849, mmisionari Ludwig Krapf alipoona weupe juu ya Mlima Kenya akiwa mbali upande wa Ukambani, wataalamu wa Ulaya walimcheka. Eti theluji kwenye ikweta! Mwaka wa 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na ikathibitika kwamba mlima ulikuwa na barafu za kudumu. Mwishoni mwa karne hiyo zilikuwa 18.

Leo nyingi kati ya hizo zimebaki majina tu. Ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, barafu ya Lewis, ilipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kufikia wakati huo eneo lake halikufika hata ekari 30. Mwaka wa 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu za Afrika Mashariki huenda zikawa zimekwisha kufikia miaka ya 2040, na kwamba ya Mlima Kenya itatangulia.

Hili ni jambo la kuhuzunisha. Wazee wetu walikuwa wakisali wakiuelekea Kirinyaga kwa sababu ya mng'ao ule, na weupe ule ni sehemu ya urithi wetu. Lakini sasa piga hesabu nami. Barafu isiyofika ekari 30 ingewezaje kunywesha Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki? La hasha! Barafu ni kama kipimajoto kinachowekwa kwenye kwapa la mgonjwa. Inatuonyesha kwamba mlima una homa. Dawa ya homa iko kwingine.

MAJI YETU YANATOKA WAPI?

Jibu la swali la mwalimu ni hili: maji yetu yanatoka kwenye mvua na ukungu, na anayetuwekea akiba ni msitu pamoja na nyanda za nyasi na matope zilizo juu yake. Aberdare haina hata kipande kimoja cha barafu ya kudumu. Hata hivyo kutoka huko unashuka Mto Chania unaopita mjini Nyeri, na Gura unaokwenda kwa kasi kama aliyeibiwa. Sehemu kubwa ya maji wanayokunywa watu wa Nairobi inatoka Aberdare pia, kupitia mabwawa kama Ndakaini.

Mlima Kenya nao unatoa Sagana, Thiba, Nyamindi na mito mingine mingi upande wa kusini na mashariki. Hiyo pamoja na ile ya Aberdare ndiyo inayoujaza Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji ya Thiba na Nyamindi ndiyo yanayokuza mpunga wa Mwea, ule wali wa Krismasi. Na mbele zaidi, Tana inazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wazazi wetu wanakumbuka mwaka wa 2000, ukame ulipoyapunguza maji ya mabwawa na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa zamu. Upande wa Nanyuki, ambao uko nyuma ya mlima na haupati mvua nyingi, mito midogo kama Naro Moru, Burguret na Likii inakwenda kuungana na Ewaso Ng'iro, ambao ndio tegemeo la wafugaji wa Laikipia, Samburu na Isiolo.

Sasa msitu unafanyaje kazi yake? Mvua inapoanguka, tone halifiki ardhini kwa kishindo. Linapokelewa na majani ya juu, linateleza kwenye matawi, linafuata shina, kisha linaangukia godoro la majani makavu yaliyooza. Hapo chini mizizi na wadudu wametoboa ardhi kila mahali. Maji yanazama polepole na kutembea chini kwa chini hadi yatokee kwenye chemchemi miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana kijito kinatiririka mwezi wa Februari ambao hauna mvua. Isitoshe, ukungu wa mlimani unapopita kwenye miti yenye ndevu za kuvu na matawi mengi, unashikwa na kugeuka matone. Huko juu miti hukamua maji hata siku ambayo haikunyesha.

JERIKENI MBILI

Ili tusibishane naye, mwalimu alitutoa nje siku moja tukafanya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya. Tulichukua jerikeni mbili kuukuu tukazikata ubavu mmoja, zikawa kama mabeseni. Ya kwanza tukaijaza udongo mtupu. Ya pili tukaijaza udongo ule ule, lakini juu yake tukaweka nyasi pamoja na mizizi yake na majani makavu. Tukaziinamisha kwenye matofali, midomo ikaelekea chini, na mbele ya kila mdomo tukaweka kikombe cha kioo. Kisha tukanyunyizia kila moja lita mbili za maji.

Kwenye udongo mtupu, maji yalikimbia mara moja yakajaza kikombe, yakiwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Baada ya dakika chache yakakatika kabisa. Kwenye nyasi, mwanzoni hakukutoka kitu, tukadhani jaribio limeharibika. Tahamaki, tone la kwanza likaanguka, likafuatwa na jingine. Maji yalikuwa karibu safi, na tulipokwenda kula chakula cha mchana tukarudi, bado yalikuwa yanadondoka.

Mwalimu hakuhitaji kueleza zaidi. Jerikeni ya kwanza ni mlima uliokatwa miti: mafuriko mwezi wa Aprili, kiu mwezi wa Februari. Jerikeni ya pili ni mlima wenye msitu.

JOTO LINAUFANYA NINI MSITU?

Hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Msitu unatukinga na mabadiliko ya tabianchi, lakini msitu wenyewe nao unaumwa na mabadiliko hayo. Yafuatayo ni madhara manne.

Kwanza, miti inalazimika kuhama. Ukipanda Mlima Kenya utaona kwamba kila mti una mtaa wake. Chini kuna mashamba ya kahawa na majani chai, kisha msitu wa miti mikubwa: muthaiti, yaani mti wa kafuri, kwenye upande wenye mvua nyingi, na mierezi kwenye upande mkavu. Juu yake inafuata mianzi, kisha nyanda za vichaka na nyasi ambako kuna lobelia kubwa. Kila mtaa una kiwango chake cha joto na unyevu. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, mtaa huo unahitaji kusogea juu mita 150 hivi ili ubaki kwenye ubaridi wake. Lakini mti hauna miguu. Unaosogea ni mbegu, kizazi baada ya kizazi, na joto linakwenda kasi kuliko mbegu. Fauka ya hayo, mlima ni kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani: kadiri unavyopanda ndivyo nafasi inavyopungua. Mmea ulio karibu na kilele utahamia wapi? Angani?

Pili, kuna moto. Nyanda za juu zikikauka, cheche moja inatosha. Mlima Kenya uliungua vibaya Machi 2012 na tena mapema mwaka wa 2019. Aberdare iliwaka Februari 2022, katikati ya ule ukame mrefu. Mara nyingi chanzo cha moto ni mkono wa mtu: mrina asali asiyezima mwenge wake, mchoma makaa, au mchungaji anayetaka nyasi changa. Lakini ukavu ndio unaoifanya cheche ndogo kuwa moto wa siku nyingi. Na msitu unapoungua, ile hewa ya ukaa iliyohifadhiwa kwenye mbao zake inarudi angani kulizidisha blanketi. Huko ndiko kutia kuni kwenye moto unaokuunguza.

Tatu, kuna ukame na mafuriko. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, Kenya ikiwemo. Wanasayansi waliochunguza ukame huo walisema usingekuwa mkali vile kama si joto lililoongezwa na binadamu. Kisha kabla hatujapumua, ikaja mvua ya El Nino mwishoni mwa 2023, na masika ya 2024 yaliyofurika hata shule zikachelewa kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Mche mdogo wa msituni unahitaji mvua ya kiasi inayokuja kwa wakati. Ukikosa mvua unakauka, ukipata ya ghafla unang'olewa. Miti mikongwe inaweza kuvumilia, lakini msitu usiozaa watoto ni kama kijiji cha wazee peke yao.

Nne, kuna maradhi na wadudu. Mti uliodhoofika kwa kiu hauna nguvu za kujitetea. Karibu mwaka wa 1990 vidukari walioingia kutoka nje waliishambulia miti aina ya sipresi nchini, mashamba mazima yakageuka rangi ya kutu. Vidukari hao hawakuletwa na joto, lakini mti wenye kiu ndio unaotangulia kushindwa nao.

NA SISI JE, MIKONO YETU NI SAFI?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwalaumu wenye viwanda huko ng'ambo. Lakini asiyekubali kosa si mwungwana. Mwaka wa 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliuchunguza msitu wa Mlima Kenya kutoka angani kwa ndege. Lililoonekana lilikuwa la aibu: visiki vya mithaiti na mierezi, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu. Hayo hayakufanywa na joto. Yalifanywa kwa misumeno na mapanga na watu wenye majina kama yetu, na wengine walikuwa walinzi wa mali hiyo. Mwaka uliofuata msitu huo ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo.

Kuna mema pia yaliyofanyika, na haki yao tuwape. Uzio wa umeme wa Aberdare, wa kilomita 400 hivi, ulianza kujengwa mwaka wa 1989 na ukakamilika 2009, kwa fedha za wahisani, serikali na michango ya wananchi. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wanavijiji nafasi ya kuunda vyama vya kusimamia msitu ulio karibu nao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Uhesabuji wa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi, na shabaha ya serikali ni kufikia asilimia 30 ifikapo 2032 kwa kupanda miti bilioni 15.

Bilioni 15! Ni rahisi kutamka. Hebu nikueleze kilichonipata mimi na miche 60 tu.

MICHE SITINI YA MTONI

Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Sisi tulikuwa likizoni. Vijana wa kijijini kwa nyanya tulikusanyika, tukapata miche 60, tukashuka mtoni tukiimba. Tulipanda kwa nusu saa, tukapigana picha kwa saa nzima, tukaenda zetu. Nyanya alitutazama tukirudi, akasema neno moja tu: "Nani atailea?" Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya wazee.

Niliporudi likizo ya Aprili 2024, nilikwenda kuihesabu. Mingine ilikuwa imesombwa na ile mvua kubwa, kwa sababu tuliipanda ukingoni kabisa bila kutazama maji hufika wapi. Mingine ilikuwa imeliwa na mbuzi. Mingine ilimezwa na magugu. Iliyosalia hai ilikuwa 11. Kati ya hiyo 11, saba ilikuwa mikaratusi, mti unaokunywa maji mengi ambao haufai kabisa kando ya mto! Hakuna aliyekuwa ameuliza ni miche ya aina gani.

Nilikaa kwenye jiwe nikajiona mpumbavu. Ndipo nikamkumbuka Profesa Wangari Maathai, ambaye alizaliwa mwaka wa 1940 kijijini Ihithe, papa hapa Nyeri, akasomea Ihithe na baadaye Mathari. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka wa 2006, alieleza kwamba utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa maana ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo palikuwa na kijito ambapo alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuwa mtu mzima alirudi akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Wazee walijua kwa njia ya mila kile ambacho sisi tunafundishwa kwa jerikeni: mizizi mirefu ya mti ule ilikuwa ikiyapa maji njia ya kupanda na kutokea.

Profesa hakubaki kulia. Mwaka wa 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani kwa miti saba tu. Siri yake ilikuwa kwamba wanawake walioshiriki walilipwa kitu kidogo kwa mche ulioishi, si kwa mche uliopandwa. Hapo ndipo nyanya yangu na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 wanaposema lugha moja: nani atailea?

TUFANYE NINI SISI WANAFUNZI?

Mwenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Haya ndiyo ambayo chama chetu kimeanza kuyafanya, na ambayo unaweza kuyafanya hata kwenu:

1. Chagua mti kulingana na mahali. Kando ya mto panda mugumo, muiri, muringa, mukoe au mianzi. Mikaratusi ipandwe mbali na maji, kwa ajili ya kuni na nguzo.

2. Panda michache unayoweza kuilea. Mche mmoja ulio hai baada ya miaka mitatu unashinda mia iliyopigwa picha. Uwekee uzio wa miiba, upalilie, uufunike chini kwa majani makavu, na kiangazi uupelekee maji ya kuoshea vyombo.

3. Pimeni mvua. Kipimamvua ni chupa, rula na uaminifu. Andikeni kila asubuhi saa tatu. Miaka kumi ijayo daftari hilo litawafaa watakaotufuata kuliko kusema tu kwamba "zamani kulinyesha".

4. Punguza kuni. Jiko linalookoa kuni linapunguza mzigo wa mama na wa msitu kwa pamoja.

5. Ukiona moshi msituni, toa habari upesi kwa walinzi wa msitu au kwa chifu. Usiseme si shamba letu. Kijito hakijui mipaka ya mashamba.

KWA KUMALIZIA

Nilirudi kwa nyanya na jembe Mei hiyo hiyo, tarehe 10, siku nyingine ya mapumziko ya kupanda miti. Safari hii hatukuwa na nyimbo. Tulikuwa wanne. Tulipanda migumo mitatu na miringa tisa, hatua kadhaa kutoka ukingoni, na kila mmoja wetu akapewa mitatu ya kuwa yake. Mingine tumeizungushia miiba mara mbili kwa sababu ya mbuzi wa jirani ambaye hasikii la mtu. Hadi ninapoandika makala haya, kumi bado inaishi. Mmoja wangu umenipita kimo.

Theluji ya Kirinyaga huenda wajukuu wetu wakaiona kwenye picha tu. Hilo, kwa masikitiko, haliko mikononi mwetu sisi wa Nyeri peke yetu. Lakini msitu uko mikononi mwetu. Ukibaki, mvua chache zitakazokuja zitatunzwa, na kijito kitapita Februari. Ukiisha, hata mvua ikinyesha kama ya Nuhu tutashinda na kiu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi msomaji, ukifunga ukurasa huu, usiniambie umependa makala. Niambie mche wako uko wapi, na nani anaulea.